Je, Uso ni Shahidi wa Moyo?

Inasimuliwa kuwa usiku mmoja wa Juni 1814, mjini London, mshairi Mwingereza Lord Byron alimwona karamuni Bi Anne Wilmot, mke wa binamu yake, amevaa nguo nyeusi ya msiba iliyotiwa vipambo vya kumetameta. Haukupita muda akamtungia shairi, nalo likatoka mwaka 1815 katika Hebrew Melodies, tungo zilizoandaliwa ziimbwe kwa muziki wa Isaac Nathan. Lina beti tatu za mishororo sita sita, vina viwili vikipokezana katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani nane, sawasawa na kipande kimoja cha tarbia ya Kiswahili, na labda ndiyo maana sikio la pwani halikawii kuupokea mwendo wake.

Wasifu uzuri wengi hukimbilia jua na maua. Byron alichagua usiku: usiku mkavu, usio wingu, uliojaa nyota. Msomaji aliyekulia penye buibui hahitaji kufundishwa kwamba weusi nao hung'aa. Tena mshairi ana staha, hashuki chini ya uso. Nywele, macho, shavu na paji vinamtosha. Ubeti wa pili ndio bora kuliko yote, kwani humo anapima kiza na nuru kama sonara apimavyo dhahabu; kivuli kikizidi chembe, au mwale ukipungua, haiba ingeharibika nusu.

Mpaka hapo jicho linasema lililoliona. Katika ubeti wa tatu jambo linageuka. Tabasamu la mwanamke huyu, anadai mshairi, linaeleza siku zilizopitishwa katika wema, akili iliyo na amani na moyo wenye penzi lisilo hatia. Ni nani aliyemwambia? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na Byron amesimama mlangoni akihesabu vyombo vya ndani.

Huenda mtu akamtetea kuwa sifa ya mshairi ni kama dua, wala hakuapishwa mbele ya kadhi. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, uzuri ukishafanywa hati ya wema, yule ambaye Mungu hakumjaalia sura atampata wapi shahidi? Na aliyejaaliwa naye hufungwa: hana ruhusa ya kukasirika, kukosea wala kununa, kwa kuwa uso wake umekwisha kutolewa fatwa.

Bibi huyo hasemi neno hata moja katika mishororo yote kumi na minane. Alikuja karamuni na vazi la msiba. Aliyemfia hatajwi, na msiba wenyewe umegeuzwa anga lenye nyota. Akili ile inayosifiwa kwa utulivu, pengine usiku ule ilikuwa ikimlilia mtu.