Ahadi Isiyo na Siku

Wahenga walisema ahadi ni deni. Tangu shule ya msingi tumeipamba methali hiyo katika insha zetu bila kuihoji. Mimi nina swali moja: deni lisilo na siku ya kulipwa ni deni la namna gani? Swali hili halikunijia darasani. Lilinijia kwa sababu ya mdogo wangu na mchezo wa video.

Ninaishi Ruti, pembezoni mwa mji wa Mbarara, katika chumba cha kupanga upande wa barabara ya Kabale, ambako malori hupita usiku kucha. Mama na mdogo wangu wanaishi Nakivale, wilayani Isingiro. Tulitoka Rutshuru mwaka 2012 kwa sababu ya vita. Mdogo wangu sasa ana miaka 16. Kila likizo huja kukaa nami, na sidanganyiki kwamba ananifuata mimi: anafuata umeme na chumba cha gemu.

Wenzake hulipa wacheze mpira. Mechi huisha upesi, mwingine anaingia, na mwenye chumba anafurahi. Mdogo wangu anapenda mchezo wa aina nyingine, ambao mchezaji anaishi ndani ya nchi ya kubuniwa yenye majoka, uchawi na vijiji vyenye shida zake, na anachagua mwenyewe awe mtu wa namna gani. Unaitwa Skyrim, na ulitoka tarehe 11 Novemba 2011. Mwenye chumba haupendi, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kushika kiti siku nzima. Humruhusu asubuhi tu, kabla wateja hawajajaa.

Siku moja nilimuuliza anachokiona humo. "Yaya, angalia vile unaanza," aliniambia. Shujaa anaanza akiwa amefungwa mikono, amepakiwa kwenye mkokoteni wa farasi pamoja na wafungwa wengine. Amekamatwa akivuka mpaka. Anapofikishwa mbele ya askari mwenye orodha, jina lake halimo. Hata hivyo anapelekwa akakatwe kichwa pamoja na wale walioandikwa. Nikaelewa. Sisi wa Nakivale tunazijua orodha.

Sasa mdogo wangu anangoja mchezo unaofuata. Juni 2018 kampuni ya Bethesda ilitangaza The Elder Scrolls VI kwa video isiyofika dakika moja: milima, pwani, muziki, jina, basi. Tarehe haikutajwa. Ilielezwa tu kwamba mchezo mwingine, Starfield, utatangulia, na huo ulitoka Septemba 2023. Katikati, mwaka 2021, kampuni mama ya Bethesda ilinunuliwa na Microsoft katika biashara ya dola bilioni 7.5, kwa hiyo hata aliyeahidi alipata tajiri mpya. Video ile ilipotoka mdogo wangu alikuwa na miaka 9. Ninapoandika haya, sauti yake imeshakuwa nzito na mchezo bado haujatoka.

Mwaka huohuo wa 2018, Mama aliitwa kwenye mahojiano yake ya kwanza ya kuhamishiwa nchi nyingine. Alipomaliza aliambiwa arudi nyumbani, atapigiwa simu. Tangu siku hiyo hajabadilisha namba, wala hakubali simu ilale bila chaji.

Najua kuyaweka mambo haya mawili bega kwa bega kunaweza kuonekana kama mzaha. Mchezo ni starehe, na hakuna aliyekufa kwa kuukosa. Mama anangoja maisha yake. Lakini ahadi zote mbili zina umbo moja, na kitu kidogo husaidia kuliona umbo la kitu kikubwa ambacho machozi hayaturuhusu kukitazama vizuri.

Umbo lenyewe ni hili: ahadi isiyo na siku humfunga anayengoja peke yake. Aliyeahidi hawezi kuambiwa amechelewa, kwa sababu hakuna siku aliyoivuka. Anayengoja hawezi kudai, kwa kuwa bado hajadhulumiwa. Tena hawezi kuacha kungoja, kwa kuwa huenda ni kesho. Mmoja ana uhuru wote, mwingine ana matumaini tu. Na aliyeahidi hupata faida kabla hajatoa chochote: jina lake linatajwa, watu wanamtazama, wanamsamehe.

Mtu atanijibu kwamba dawa ni rahisi, watoe tarehe. Sikubali. Mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipewa tarehe, ukaahirishwa zaidi ya mara moja, kisha ukatoka tarehe 10 Desemba 2020 ukiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa dukani kwake mwezi huohuo. Tarehe ilitimizwa, ahadi haikutimizwa. Na upande wetu, Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wapo waliokuwa wameshapangiwa safari za ndege, wameshauza vyombo vya nyumbani na kuagana na majirani. Hao walikuwa na tarehe mkononi. Kwa hiyo siku peke yake haitoshi kuifanya ahadi iwe deni la kweli.

Mwingine atasema kosa ni la anayengoja, ajifunze kungoja vizuri. Hili lilinishawishi kwa muda, tena kwa sababu ya mdogo wangu mwenyewe. "Mimi sijapoteza kitu, Yaya," husema. Ni kweli. Katika miaka hii amecheza michezo mingine, amejifunza Kiingereza kingi kwa kusoma maneno ya wahusika, amejaza madaftari ramani za nchi alizozibuni. Humtaja sana Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye akajifundisha kutengeneza michezo. Mchezo wake, Salaam, unamweka mchezaji katika miguu ya mkimbizi anayekimbia vita. Mdogo wangu anangoja huku anaishi. Nikadhani nimepata jibu: tungoje kama yeye.

Kisha nikarudi Nakivale, nikatazama shamba letu.

Uganda huwapa wakimbizi kipande cha ardhi walime. Isingiro ni nchi ya migomba. Ukisafiri kutoka Mbarara unaiona pande zote mbili za barabara. Katika kipande chetu hakuna mgomba hata mmoja. Kuna maharage. Maharage hukomaa kwa miezi mitatu, lakini mgomba hutaka mwaka au zaidi kabla ya mkungu wa kwanza, kisha unakulisha miaka mingi. Mwanzoni nilimshauri Mama apande migomba. Alinijibu, "Nipande mgomba, ale nani? Sisi tunaondoka." Amepanda maharage msimu baada ya msimu, miaka saba. Jirani aliyefika baada yetu sasa anauza matoke, na sisi tunanunua kwake.

Hapo niliona udhaifu wa jibu langu. Mdogo wangu angoja vizuri kwa sababu kungoja kwake hakumgharimu. Hakuna anayemtaka apange maisha yake kulingana na mchezo huo. Ahadi ya Mama iliingia mpaka shambani, ikamchagulia mbegu. Kumwambia "ngoja kama mwanao" ni kumbebesha kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo naona kwamba anayeahidi bila siku anashika muda wa mtu mwingine, na anayeshika mali ya mtu ana wajibu. Wajibu wake si tarehe. Wajibu wake ni kusema ukweli jambo limefikia wapi, na kumfungua anayengoja, yaani kumwambia wazi: ishi kana kwamba haitakuja, na ikija tutakuita. Katika dunia nzima, wakimbizi wanaohamishiwa nchi nyingine kwa mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wote. Takwimu hiyo haikufichwa popote. Lakini kama Mama angeambiwa siku ileile, kwa uzito uleule alioambiwa angoje simu, nadhani leo tungekuwa na migomba. Kampuni ya mchezo ikikaa kimya, kijana anacheza kitu kingine. Mwenye uwezo juu ya maisha ya watu akikaa kimya, anakula misimu yao.

Na anayengoja je? Naye ana jambo moja la kujikumbusha, ingawa halimwondolei aliyeahidi deni lake: kupanda si kukata tamaa. Mtu anaweza kuiamini ahadi na bado akapanda mti ambao huenda asiule.

Likizo iliyopita mdogo wangu aliporudi Nakivale nilifuatana naye, tukiwa na machipukizi matatu ya mgomba ndani ya gunia. Mama aliyatazama, akauliza tumeyanunua bei gani, akayaweka kivulini nyuma ya jiko. Hakukubali wala hakukataa. Juzi nilipopiga simu, mdogo wangu alinieleza kwanza kwamba mchezo bado haujapewa tarehe. Halafu akaniambia kwamba machipukizi mawili yako ardhini, na la tatu Mama amempa jirani.