Macho Yaliyotazama Chini

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Lakini ndugu msomaji, umewahi kujiuliza, mgeni asipolivunja jicho lake ni nani anayeumia? Mimi swali hili lilinikuta nikiwa kidato cha tatu, katika shule moja ya bweni hapa Dodoma, na mpaka leo sijalimaliza.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jioni moja michango ya mahafali ilipotea kutoka kwenye dawati la darasani. Wanafunzi wawili hatukuonekana prepo: mimi, na mshikaji wangu mmoja, Mgogo wa kijijini, upande wa Mpwapwa. Mwalimu wa darasa letu alikuwa kijana wa kujitolea kutoka Marekani. Alikuwa mtu mwema kabisa, fimbo hakuishika hata siku moja. Akatuita ofisini, mmoja mmoja.

Mshikaji aliingia kwanza, mimi nikabaki mlangoni nikisikia na kuona. Alisimama mikono nyuma, macho sakafuni, sauti haitoki. Akasema alikuwa bwenini, anaumwa homa. Alipoulizwa mara ya tatu akatabasamu. Mwalimu akamwambia, "Niangalie machoni! Kwa nini unacheka?" Basi ndivyo alivyozidi kuinama.

Ikafika zamu yangu. Mimi ni mtoto wa mjini bwana, nimekulia Majengo, na mikanda ya video nimeitazama ya kutosha. Nikanyoosha mgongo, nikamkazia macho, nikasema nilikuwa maktaba. Uongo mtupu! Nilikuwa nimeruka senyenge kwenda kula chipsi mjini. Mwalimu akanipa mkono, akanishukuru kwa kusema kweli. Mwenzangu akaandikiwa ripoti na kusimamishwa masomo wiki mbili.

Mwalimu alikosea nini? Kwao mtoto hufundishwa toka mdogo kumtazama anayesema naye. Asiyetazama anaficha jambo. Kwa mshikaji, kama ilivyo kwa watu wengi wa nchi hii, kumtumbulia mkubwa macho ni kumwambia wewe na mimi saizi moja. Na lile tabasamu halikuwa dharau. Lilikuwa aibu ya mtu aliyebanwa, hana pa kujificha isipokuwa kwenye meno yake. Si sisi peke yetu. Wakimbizi wa Vietnam walipoingia Marekani kwa wingi baada ya vita kwisha mwaka 1975, watoto wao walikutana na walimu wa namna hiyo hiyo, kwani kwao pia kuinamisha macho mbele ya mwalimu ni heshima, na tabasamu huweza kufunika fadhaa.

Kuna watakaoniambia: acha hizo, sura ya binadamu ni moja. Wana hoja. Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1872, na miaka ya 1960 Paul Ekman alikwenda na picha zake za sura hadi Papua New Guinea, akarudi akisema hasira, hofu na furaha zinasomeka popote. Lakini sogea hapa jirani tu, kaskazini mwa uwanda wetu, kwenye Ziwa Eyasi. Wahadzabe walisimuliwa visa vifupi vya hasira, hofu, huzuni na kadhalika, wakaombwa kuchagua picha ya sura inayolingana na kila kisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliipa nadharia ya sura moja kwa dunia nzima msaada mdogo sana. Sikatai kwamba mwili unasema. Nasema una lugha zake, na anayejua moja tu asijidai kuwa hakimu wa zote.

Nataja hakimu kwa makusudi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka hakimu aandike aliyoyaona kuhusu hali ya shahidi alipokuwa akihojiwa, kama anaona yana maana. Fikiria basi bibi kutoka Chamwino au Kongwa, amesimama kizimbani, macho chini, anajibu polepole. Hakimu wake huenda amekulia pwani au Kilimanjaro. Ataandika nini? Woga? Uongo? Adabu? Neno moja kwenye karatasi linaweza kuwa miaka ya mtu gerezani.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki vijiweni kama kichekesho cha Mzungu asiyejua mila. Watu walicheka, nami nilicheka nao. Siku hizi sicheki, kwa sababu kuna kipande nilikuwa nakiruka.

Siku ile nilimwona mshikaji bwenini. Nilimwona nilipotoka na nikamwona niliporudi, amelala, shuka limemganda kwa jasho. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake. Kumtetea kulitaka nikiri habari ya senyenge, nikanyamaza. Tena nilijua maana ya macho yale ya chini, na nilijua mwalimu hakuijua. Ningeweza kusema, "Mwalimu, kwao hii ni heshima," na maneno hayo yasingenigharimu hata adhabu ya kuruka senyenge. Sikusema hata hayo.

Ndiyo maana naona methali yetu inamtwisha mgeni mzigo wote. Asiyejua ana udhuru kidogo. Anayejua lugha mbili za mwili, kama sisi vijana wa mjini tunaohama kutoka salamu ya "mbukwenyi" ya asubuhi kwa babu hadi miondoko ya video jioni, huyo akinyamaza ana udhuru gani? Sisi ndio wakalimani, na mkalimani anayenyamaza mwenzake anapohukumiwa amekwisha kutoa ushahidi.

Mshikaji alirudi baada ya wiki mbili. Akanisalimu kwa mikono miwili, macho chini, akatabasamu. Ilikuwa heshima? Msamaha? Au alikuwa anajua, na ile ndiyo njia yake ya kuniambia kwamba anajua? Mimi niliyejiona bingwa wa kusoma watu, sikuweza kusoma.

Ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza.