Kivuko Kisicho na Nauli

Kivuko cha Staten Island, jijini New York, hakitozi nauli ya abiria tangu 1997. Hufanya kazi usiku na mchana kati ya ncha ya kusini ya Manhattan na kisiwa hicho, mwendo wa kilomita 8 hivi unaochukua dakika 25. Familia zinazotaka kuiona Sanamu ya Uhuru hukaa upande wa kulia wakati wa kwenda. Watoto hung'ang'ania vyuma vya ukingoni, mkono mmoja ukishikilia kofia isichukuliwe na upepo. Kivuko kikitia nanga, abiria wote hushuka, hata anayerudi papo hapo, naye hupanga foleni upya. Ni usumbufu mdogo, ukikumbuka bei za boti za kitalii. Chakula ni afadhali kitoke nyumbani.

Kwa wanaoogopa maji, Daraja la Brooklyn, lililofunguliwa 1883, lina njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa juu ya magari, nayo hailipiwi. Maktaba kuu ya Fifth Avenue pia haina kiingilio. Humo huonyeshwa midoli halisi iliyozaa hadithi za Winnie-the-Pooh.