Picha: Ngawira au Amana?

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Arizona, liko bonde refu lililochimbwa na mto Colorado, liitwalo Grand Canyon, yaani Korongo Kuu. Urefu wake, ukiufuata mto, ni maili 277. Kina chake chapita maili moja. Na mahali pengine upana wake hufika maili 18. Ukingo wa kusini ndio ujulikanao na wengi, maana una barabara njema na reli. Ukingo wa kaskazini umeinuka kuupita ule kwa futi 1,000 hivi, una misitu ya misonobari, na wakati wa baridi njia yake hufungwa kwa theluji. Ndege akiruka kutoka ukingo huu hata wa pili huenda maili 10 tu, bali mwenye gari hana budi kuzunguka maili 215. Ndiyo sababu kwa miaka mingi, katika kila wageni kumi waliolizuru korongo, yapata mmoja tu ndiye aliyefika upande wa kaskazini.

Twapenda kumfikiri mgeni huyo mmoja. Amesafiri mbali, amefika penye kimya, na mkononi ana kamera. Swali letu ni hili: picha atakayoipiga, je, ni ngawira aliyoiteka, au ni amana aliyokabidhiwa?

Wako watakaosema kwamba swali hili ni la bure. Mtu ametoa nauli yake na kustahimili njia, basi picha ni ujira wake. Hatumnyimi ujira. Lakini na tuutazame moyo. Mtu aweza kuukimbia umati kwa sababu mbili zisizofanana. Mmoja ataka utulivu, apate kuona. Wa pili ataka kupata wasichokipata wenziwe, apate kuwaonyesha. Huyu wa pili, ajapokuwa peke yake juu ya mwamba, umati wote amekuja nao moyoni; kwa maana hatazami korongo, bali awatazama wale watakaomstaajabia.

Mfalme Hezekia alipojiwa na wajumbe wa Babeli, aliwaonyesha hazina zake zote, asisaze kitu, na nabii Isaya akampa habari ya msiba utakaotokea. Wapelelezi wa Musa nao walionyesha kitu: walikata kichala cha zabibu katika bonde la Eshkoli, wakakichukua watu wawili kwa mti, wakakileta kambini. Wote walionyesha; tofauti i wapi? Hazina za Hezekia zilimtukuza mwenye kuzionyesha. Kichala cha Eshkoli kilikuwa cha wale waliobaki kambini, wapate kujua nchi ilivyo.

Ukingo ule wa kaskazini umepata kutoa vichala vya namna hiyo. Mwaka 1873 mchoraji Thomas Moran alifika huko pamoja na John Wesley Powell, mpelelezi wa mto Colorado. Aliporudi alichora picha kubwa ya rangi, na mwaka 1874 Bunge la Marekani likainunua kwa dola 10,000, ikatundikwa katika jengo la Bunge, na watu ambao hawakuweza kufika korongoni wakapata kuona mfano wake. Pamoja na Powell alikuwako pia John Hillers, aliyeajiriwa mwaka 1871 kupiga makasia, akajifunza kazi ya picha safarini. Zamani hizo picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa papo hapo, ndani ya hema la giza. Mtu mwenye kazi kama hiyo alitazama sana kwanza, ndipo akapiga. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na mtu aweza kupiga picha mia asitazame hata mara moja. Hatusemi kwamba taabu ni utakatifu. Twasema kwamba taabu iliwalazimisha wale kungoja, nasi tusiolazimishwa yatupasa kungoja kwa hiari.

Tena amana yataka kweli. Zabibu za Eshkoli zilikuwa za kweli, lakini maneno ya wapelelezi wengi yaliwavunja watu moyo. Vivyo hivyo picha ya kweli yaweza kufuatana na neno la uongo. Mgeni huonyesha miamba na msitu, akasema, "Huku hakuna watu." Kumbe uwanda ule waitwa Kaibab, jina la lugha ya Wapaiute, maana yake mlima uliolala, na Wapaiute, waliolitoa jina hilo, wanakaa karibu na hapo hata leo.

Mwaka 2025 uzito wa amana hii ulionekana wazi. Tarehe 4 Julai radi iliwasha moto katika msitu wa kaskazini. Baada ya siku kadha upepo mkali ukauchochea, na usiku wa kuamkia tarehe 13 ukaiteketeza nyumba ya wageni iliyosimama ukingoni, pamoja na majengo mengine mengi. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1928, ikaungua mwaka 1932, ikajengwa upya na kumalizika mwaka 1937. Ilikuwa na chumba chenye madirisha makubwa, ambamo wageni waliketi wakitazama korongo. Aliyepiga picha humo ili ajisifu, sasa anayo sifa ya kitu kisichokuwako. Aliyetazama, akapiga, akahifadhi, anao ushuhuda wa kuwapa wasioweza kukiona tena.

Wengi wetu hatutafika Arizona. Lakini kamera zimekwisha kufika vijijini mwetu. Mtu huenda kumzuru mgonjwa, na kabla hajampa pole ameinua simu. Huenda mazikoni, na picha ya jeneza yatangulia machozi. Wahenga walisema, macho hayana pazia. Ndiyo, lakini mkono waweza kuzuiliwa. Kabla ya kupiga, na tujiulize: nimekwisha kutazama? Nitasema kweli juu ya nilichokiona? Na picha hii, namchukulia nani? Kama jibu la mwisho ni "najichukulia nafsi yangu tu," basi na tuishushe kamera, tumshike mgonjwa mkono.