Mikono Mingi

Wahenga walisema, mikono mingi kazi haba. Je, msomaji, neno hili ni kweli katika kila kazi? Tazama kisima kinachochimbwa katika nchi kavu ya Isiolo. Tundu lake ni jembamba. Hutosha watu wawili tu. Ukiteremsha kumi watakanyagana, na sururu haitapata pa kuinuliwa.

Utungaji wa programu za kompyuta una tabia hiyo. Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya kampuni ya IBM katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi. Wageni huhitaji kufundishwa, na wafundishao ni wale wale wafanyao kazi. Tena, watu 5 wana njia 10 za kupashana habari. Watu 10 wana 45.

Basi pima kwanza, ndipo uahidi. Ukichelewa, kiri mapema. Aibu ya kukiri ni ya siku moja. Lakini hasara ya programu mbovu humwangukia asiyekuwamo katika shauri, kama mfugaji wa Garba Tula aliyeiamini simu yake kumtunzia thamani ya ng'ombe wake. Ukweli uliosemwa mapema ni nusu ya kazi.