Kompyuta Inayokesha na Amana Tuliyopewa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba wake.



Katika hadithi ya Jabir (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kuzima taa tunapokwenda kulala, maana panya huweza kuuvuta utambi na kuiunguza nyumba. Mtu atasema: kompyuta haina utambi. Kweli. Lakini hukumu ya kompyuta inayokesha bure tunaipata pia kwingine: katika israfu na katika amana.

Tuanze na israfu. Katika Surat Al-A'raf, Aya ya 31, Allah ameturuhusu kula na kunywa, kisha akatukataza kupita kiasi. Katika Surat Al-Israa, Aya ya 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani. Basi tupige hesabu. Tuchukulie kompyuta ya mezani na kioo chake hula wati 70. Ikiachwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 asubuhi, hizo ni saa 16, yaani uniti moja na zaidi kwa usiku mmoja. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 64, karibu uniti nne na nusu. Ofisi yenye kompyuta 20 imepoteza karibu uniti 90 kwa mwisho wa juma mmoja, na hakuna aliyeandika hata barua.

Uniti hizo zinatoka wapi? Hapa kwetu Rubavu, mto Sebeya unazungusha mitambo ya umeme. Karongi, gesi ya Ziwa Kivu inatoa megawati 26. Hizi ni neema, na neema hupungua. Mwaka 2004 maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalishuka, mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikadhoofika, nchi ikalazimika kukodi jenereta za dizeli, na bei ya umeme ikapanda. Na mpaka leo wapo majirani zetu vijijini wasio na umeme nyumbani.

Sasa amana. Nyumbani Cyanzarwe, anayenunua Cash Power kwa jasho lake huzima hata taa ya uani. Mtu huyo huyo akifika ofisini, kwenye maabara ya chuo au ofisi ya sekta, huondoka na kioo kinawaka. Kwa nini? Kwa sababu halipi yeye. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Mali yako ukiifuja utaulizwa. Mali ya umma ukiifuja utaulizwa, na wenyewe ni wengi: mlipa kodi sokoni, mzazi aliyeuza viazi alipe karo. Utamwomba nani msamaha? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdulaziz alikuwa akiizima taa ya Baitul Mali mazungumzo yakigeukia mambo yake binafsi.

Wengine hudai kuwa kuzima kila siku kunaharibu mashine. Kompyuta za siku hizi zimetengenezwa ziweze kuzimwa na kuwashwa kila siku. Kinachodhuru ni kuchomoa waya kabla haijajizima. Ama mashine inayotoa huduma usiku kucha, au inayosubiri kazi ya mafundi, hiyo ina haja yake, na penye haja hapana israfu.

Basi tufanye hivi: hifadhi kazi yako, zima kompyuta, kisha zima kioo na swichi ya ukutani. Iwekee mashine ilale yenyewe ukiiacha kwa dakika 15. Wa mwisho kutoka apitie vyumba vyote. Na ukikuta ya mwenzako inawaka, usiizime kabla hujahakikisha kazi yake imehifadhiwa. Kesho mnasihi kwa upole, si mbele za watu.

Kidole kimoja kwenye swichi, kwa nia ya kulinda amana, ni ibada asiyeiona mtu, na Allah anaiona.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema zako, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa wabadhirifu. Amin.