Amani Iliyolipiwa na Wengine

Atoaye mali yake kumwokoa mwenziwe twamwita mkarimu. Atoaye uhai wake twamwita shujaa. Je, msomaji wangu, atoaye uhai wa watu wengine, bila ya kuwauliza, ili walimwengu waliosalia wapate kuokoka, tumwite nani? Swali hili nimelikuta katika kitabu cha namna ambayo watu wengi hawatazamii kukuta ndani yake swali lo lote: kitabu cha picha, cha majagina wavaao vinyago na majoho. Usicheke. Maji matamu hunyweka katika kata kama yanywekavyo katika bilauri.

Kitabu chenyewe kinaitwa Watchmen, maana yake Walinzi. Kiliandikwa na Alan Moore, Mwingereza wa mji wa Northampton. Picha zilichorwa na Dave Gibbons, na rangi zikatiwa na John Higgins. Kampuni ya DC Comics ya Marekani ilikitoa kwa matoleo 12, la kwanza mwaka 1986 na la mwisho mwaka 1987. Kisha matoleo hayo yakaunganishwa yakawa kitabu kimoja. Si kitabu cha watoto wadogo, kwa maana kina mambo mazito. Lakini mtu aliyekwisha kuanza kujiuliza lililo haki na lisilo haki atakisoma kwa faida.

Yakupasa kujua kwanza jinsi kinavyotofautiana na ndugu zake. Hadithi za majagina aghalabu hazina mwisho. Superman alianza kuonekana mwaka 1938, na hata leo hajazeeka wala hajapumzika. Akiuawa hufufuliwa, na akikosea kosa husahauliwa, kwa kuwa mwenye mali ataka kumwuza tena mwezi ujao. Moore naye alikusudia kwanza kuwatumia majagina ambao DC Comics iliwanunua kutoka kampuni nyingine, Charlton. Mhariri aliona kuwa hadithi ile ingewaacha wengine wamekufa na wengine hawafai tena kwa kazi, akamshauri aumbe watu wapya. Basi watu wa Watchmen walizaliwa ili hadithi yao iwe na mwisho, na penye mwisho ndipo penye hesabu. Asiyeweza kupoteza kitu hawezi kutufundisha lo lote juu ya kuchagua.

Hadithi ni ya mwaka 1985, mjini New York, katika Marekani ya kubuniwa ambayo Richard Nixon angali rais wake. Marekani na Urusi ya Kisovieti zimekaribia kupigana kwa silaha za nyuklia. Jagina mmoja anatupwa kutoka dirisha la jumba refu, anakufa, na mwenzake aitwaye Rorschach anaanza kumtafuta mwuaji. Mwishowe mwuaji anajulikana: ni Adrian Veidt, mtu aliyesifiwa kuwa ana akili kuliko watu wote duniani. Wala hakuua mmoja tu. Kwa siri ameunda dubwana la kutisha, akalipeleka ghafula katikati ya New York, na mamilioni ya watu wakafa mara moja. Wakuu wa mataifa, wakidhani kuwa adui amekuja kutoka nje ya dunia yetu, wanaacha ugomvi wao na kupatana. Vita haviji.

Niliwasimulia wanafunzi wangu habari hii, nikawaomba wanyoshe mikono wale waonao kwamba Veidt alitenda haki. Mikono mingi ilipanda. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mamilioni wamekufa, mabilioni wamepona, nani asiyejua kutoa na kujumlisha? Ndipo msichana mmoja aliyekuwa kimya nyuma ya darasa akauliza, "Mwalimu, yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati ule?" Nikamjibu kuwa alikuwa Antaktika, katika jumba lake, kati ya barafu. Hakusema neno zaidi. Mikono kadhaa ilishuka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Msichana yule aliona mara moja jambo ambalo Moore alitumia sura nyingi kulitayarisha. Katika kitabu kizima anaturudisha mara kwa mara kwenye pembe moja ya njia, penye kibanda cha magazeti. Yupo hapo mwuza magazeti mwenye umri, msemaji sana, na kijana aketiye chini karibu naye akisoma bure hadithi ya picha ya maharamia. Wote wawili waitwa Bernard. Si majagina. Hawafanyi lo lote la ajabu. Yuko pia daktari wa maradhi ya akili, Malcolm Long, ambaye mkewe amekwisha mwonya kuwa akiuingilia ugomvi wa watu wasiowajua, ndoa yao imevunjika. Daktari anauingilia, kwa kuwa hawezi kumwona mtu anapigwa akageuza uso. Wakati uo huo mwanga mkubwa unaujaza mji. Mwuza magazeti anamkumbatia kijana, kana kwamba mwili wake ungeweza kumkinga. Kisha hawapo.

Kurasa nyingi za kitabu hiki zimegawanywa vyumba vidogo tisa tisa. Lakini sura ya 12 yaanza kwa kurasa sita ambazo kila moja ina picha moja tu, nayo ni ya mji uliojaa maiti. Huwezi kupita mbio. Mtu asemaye "mamilioni" ametaja tarakimu. Lakini wewe umekwisha kuketi na wale wawili penye kibanda, na tarakimu imepata nyuso. Hapa ndipo hesabu ya Veidt inapokosa. Kujumlisha kwake ni sahihi, bali fedha aliyolipa haikuwa yake. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mfuko wa jirani.

Wako watakaonijibu kwamba wale waliokufa wangalikufa vile vile katika vita, na kwa hiyo hawakupoteza kitu. Jibu hilo lina nguvu, lakini limesimama juu ya neno moja: kwamba vita vilikuwa lazima vije. Nani alijua? Hadithi ya maharamia aisomayo yule kijana ni ya baharia aliyeamini kuwa maharamia wameuteka mji wake. Alikwenda mbio kuwaokoa watu wake, akawaua wasio na hatia njiani, akaingia nyumbani kwake gizani na kuwapiga jamaa zake mwenyewe akidhani ni adui. Hakuna aliyekuwa ameuteka mji. Akili nyingi huondoa maarifa. Na katika dunia yetu hii ya kweli, mwaka ule ule wa 1987 ambao toleo la mwisho lilitoka, mwezi wa Desemba, Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev walitia sahihi mjini Washington mkataba wa kuharibu makombora ya nyuklia ya masafa ya kilometa 500 hata 5,500. Mkataba ule haukudumu milele. Ulikoma mwaka 2019. Lakini ulipatikana kwa watu kuketi mezani, wala hakuna mji uliochinjwa ili wakubali kuketi.

Liko jambo la pili. Amani ya Veidt haiwezi kusimama siku moja ila kwa uongo. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya amani ya milele kilichotoka mwaka 1795, alitoa kipimo cha kujulia dhuluma: tendo lihusulo haki za wengine, ambalo nia yake haiwezi kutangazwa hadharani, ni tendo lisilo la haki. Mpime Veidt kwa kipimo hicho. Je, angaliweza kusimama penye kibanda kile akamwambia mwuza magazeti, "Bwana, nakuomba ufe, wewe na kijana huyu, kwa sababu hizi na hizi"? Hakuthubutu kuuliza kabla, na hathubutu kusema baadaye.

Nakuambia haya, msomaji, si kwa kuwa mimi ni msafi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika shule moja ya bweni, fedha za wanafunzi zilipotea. Bweni zima likafanya ghasia, na ilinong'onwa kuwa usiku hautapita salama. Palikuwa na mvulana mmoja mnyonge asiye na rafiki, na wengi walimtaja ingawa ushahidi haukuwapo. Kikao kiliamua arudishwe kwao. Nami nilikuwa kikaoni. Nilikuwa na shaka, lakini nilijiambia kuwa mmoja kwa mia mbili si neno, nikanyamaza. Bweni likatulia usiku ule ule. Baada ya wiki chache fedha zikaonekana kwa mwingine, na kila mtu akaona heri jambo lisifufuliwe. Mvulana hakurudi. Mwaka ulipita kabla sijapata moyo wa kwenda kwao. Mama yake alinipa kiti na maji ya kunywa, akaningojea niseme. Sikuwa na la kusema ila ukweli, nao ulikuwa umechelewa. Sikuua mtu, wala mimi si Veidt. Lakini hesabu ilikuwa ile ile, nayo ilihitaji uongo ule ule.

Wenziwe Veidt wapatapo habari, wanakubali kunyamaza, kwa kuwa wafu hawarudi na kusema kwaweza kuleta vita upya. Sithubutu kuwahukumu, mzigo ule hawakuutwika wao. Rorschach peke yake anakataa. Naye si mtakatifu: amevunja vidole vya watu kutafuta habari, na ameua. Kama angalifika mjini akasema, huenda wengine wangaliulipia ukweli wake. Lakini anauawa thelujini, na tazama kwamba uhai anaoutoa ni wake mwenyewe. Kabla ya kufa alikuwa amekwisha peleka daftari lake kwa gazeti moja, na picha ya mwisho ya kitabu ni ya mfanyakazi kijana ambaye mkono wake unalikaribia rundo lile la karatasi. Njia ya mwongo ni fupi.

Kabla ya hapo Veidt amemwuliza Dr. Manhattan, mtu pekee mwenye nguvu za ajabu za kweli katika hadithi ile, kama mwishoni yote hayakuwa mema. Anajibiwa kuwa hakuna kitu kiishacho. Jibu hilo ndilo adhabu yake. Mtu asemaye kuwa mwisho mwema utalipa deni la tendo ovu angoja mlipaji asiyefika. Kitabu hufungwa, lakini matendo huendelea kuzaa.

Hutapata kamwe kuamua juu ya mji mzima. Lakini siku moja utakuwa kiranja, au karani, au mzazi, au diwani, na mtu atakuambia kwa sauti ya busara kuwa afadhali mmoja aumie ili wengi wastarehe. Siku hiyo usianze kwa kuhesabu. Muulize kwanza ni nani alipaye, kisha uende ukamtazame usoni. Ukiweza kumwambia kila kitu, naye akakubali, huyo ndiye shujaa, nawe mheshimu. Usipoweza kumwambia, basi umekwisha kulijua jibu.